Okidi Iliyolazwa Mochwari

Mume wangu ana kazi mbili za baridi. Ya kwanza inamlipa: ni mkuu wa chumba cha maiti katika hospitali ya mji wetu, huu mwaka wa ishirini na mbili. Ya pili haimlipi mtu. Sebuleni kwetu, pale ambapo wenzetu wameweka kabati la vyombo, limesimama friji la soda lenye mlango wa kioo, na ndani yake hamna soda hata ya dawa. Mna maua.

Nikisema maua usifikirie waridi. Hizi ni okidi za mlimani, zinazotoka kule juu kwenye ukungu, na ni ndogo kiasi kwamba wageni wakiinama kuzitazama huuliza tumepanda lini. Tumepanda zamani. Hizo unazoziona ndizo zimeshakuwa watu wazima. Kila moja inakaa kwenye kijichungu kisichozidi kikombe cha kahawa, au imefungwa kwa uzi kwenye kipande cha gome la mti, na jani lake halifiki ukucha wangu. Mume wangu huzitazama kwa kile kioo cha kukuzia ambacho mafundi saa hubana jichoni.

Lile friji mimi naliita mke mwenza, na sitanii sana. Mimi nina feni moja inayokohoa. Mwenzangu ana mbili, zilizong'olewa kwenye kompyuta mbovu. Mimi naoga maji ya bomba. Mwenzangu hunyunyiziwa maji ya mvua yaliyochujwa mara mbili, kwani ya bomba yana chumvi, yatamwunguza mizizi. Mimi nalala nikijipepea kwa mfuniko wa ndoo. Mwenzangu mchana ana nyuzi kumi na sita na usiku kumi na moja, kwa sababu huko kwao mlimani usiku baridi huzidi. "Na huko kwetu mimi je, usiku huzidi nini?" nilimwuliza mume wangu. Akasema nisimvuruge, anasoma kipimajoto.

Friji la chakula lilituaga mwaka wa pili, maana nyaya za nyumba hazikumudu mafriji mawili. Siku hizi nyama yetu inakaa kwa jirani, na jirani kila akipika huionja kwanza, eti asije akatutunzia iliyoharibika. Anatupenda sana jirani yetu.

Siku moja nilimwuliza kwa nini. Tulikuwa barazani, mimi nasuka mteja (kazi yangu ni ususi), yeye anachuja maji yake ya mvua kwa kitambaa cheupe ambacho zamani kilikuwa nguo yangu ya ndani ya gauni. "Baba watoto," nikasema, "duniani kuna kuku, kuna njiwa, kuna mchicha. Kwa nini vitu hivi?"

Alikamua kitambaa kwanza. "Mimi baridi ndiyo kazi niijuayo, mama watoto. Kila siku nawawekea watu baridi na hakuna hata mmoja anayeamka. Nikataka niweke baridi mahali, kitu kikue."

Mteja wangu aligeuka kumtazama, nywele zikaniponyoka. Mimi nikamgombeza mteja kwa kutikisika.

Sasa nieleze habari ya saini, maana bila hiyo huyu mwanamume hamtamwelewa. Mwaka wake wa pili pale kazini, mfanyakazi mmoja aliikabidhi familia moja maiti isiyo yao. Wakazika mgeni. Siku ya pili wenye mtu wao wakaja, na mtu wao hayupo. Mume wangu hakuwa zamu siku ile, lakini ndiye aliyefuatana na familia zote mbili kwenda kufukua, na ndiye aliyesimama katikati yao. Alirudi nyumbani akakaa uani juu ya ndoo, akalia kwa sauti kama mtoto, na siku tatu hakula. Siku ya nne akaomba karatasi kubwa na kalamu ya wino, akaandika kanuni kumi na nane kwa mkono wake, akazibandika ukutani kazini.

Tangu hapo kila kipitacho mlango wa nyuma hupewa nambari na lebo, kisha ndiyo maswali yafuate. Kitabu huandikwa kwa wino na hakifutwi. Hakuna kinachotoka kwenye chumba cha baridi bila karatasi ya daktari, jamaa aliyetambua na saini ya mkuu. Mfanyakazi hamtoi jamaa yake mwenyewe. Na anayekiuka husimamishwa siku saba, asikanyage jengo. Miaka ishirini imepita na hakuna familia nyingine iliyozika mgeni. Watu wakamwita Mzee Saini, na yeye jina akalipenda. Hata binti zetu wawili, kabla hawajaolewa, waliwahi kutia saini kuazima mwavuli wa baba yao.

Humo ndani ya friji mna moja niliyoipa jina la Bi Mdogo, kwa madeko yake. Ililetwa kwa posta ikiwa imezongwa pamba, na majani matatu. Miaka sita mume wangu ameilea na haijatoa ua hata la kuombea msamaha. Wenzake hutoa, hunyauka, hutoa tena. Bi Mdogo kimya. Watu wa mbali anaoandikiana nao walimwonya kwamba jamaa hii ni wagumu: ua lao hufunguka siku mbili tu, kisha huenda asitoe tena kwa miaka.

Jumatatu moja alinifuata barazani akitembea kwa ncha za vidole. "Ametoa tumba," akaninong'oneza.

Lilikuwa kama kichwa cha pini. Kwa wiki tatu tuliishi nyumba ya mgonjwa. Hakuna kubamiza mlango. Hakuna kukaanga vitunguu, mvuke wa mafuta utamdhuru. Nikipiga chafya natoka nje. Mume wangu akahesabu akasema Jumamosi, labda Jumapili, litafunguka. Na mtu aliyekuwa hatabasamu ovyo kwa sababu ya kazi yake akaanza kutabasamu ovyo, hata kazini, mpaka akaonywa na mkubwa wake kwamba wafiwa wanaona.

Alhamisi saa tatu asubuhi transfoma ya mtaa ililipuka. Mafundi wa umeme walikuja wakaitazama, wakashika viuno, wakasema ni siku nne au tano. Kufikia saa tatu na nusu kipimajoto cha friji kilikuwa kimepanda nyuzi tatu. Nilimwona mume wangu anageuka rangi. Zile nyingine alizifunika kwa shuka mbichi na chupa za barafu kutoka kwa muuza samaki. Hizo zinaweza kuvumilia kidogo. Bi Mdogo na tumba lake hawawezi. Akamweka kwenye boksi la barafu, akafunga mfuniko kwa utepe, akatoka nalo kifuani mikono miwili.

Wazo lake lilikuwa zuri, simnyimi haki yake. Hospitali ina jenereta. Na mochwari, kabla hujafika kwenye kile chumba chenyewe cha baridi, kuna chumba cha mbele, mahali pa meza ya vigae na mabenchi mawili ya wafiwa, na kiyoyozi chake kimewekwa nyuzi kumi na tano mchana na usiku. Baridi ya mlimani kabisa, na bure. Amweke pale mezani siku tano, basi.

Aliingia kwa mlango wa nyuma, akaweka boksi mezani, akaenda ofisi ya pili kujiandikisha kwenye kitabu cha wageni, kwa kuwa siku ile hakuwa zamu na asiye zamu ni mgeni. Kanuni ya tano. Alikawia dakika sita. Ndani ya dakika hizo sita akaingia msaidizi wake, mwanamke mmoja wanayemwita Makini, ambaye mume wangu mwenyewe amemfundisha miaka tisa. Makini akaona boksi lililofungwa utepe, limepita mlango wa nyuma, halina lebo. Hakuuliza. Hakufungua, kwa sababu kufungua kunataka mashahidi wawili. Akalipa nambari kumi na moja. Akaandika kitabuni: jina, hajulikani, jinsia, haijulikani, urefu, sentimita arobaini. Akalisukuma ndani, trei ya kumi na moja, nyuzi nne, akafunga mlango wa chuma, akanawa mikono, akaridhika.

Mimi nilikuwa na kichwa cha mteja nusu kimesukwa simu ilipolia.

"Mama watoto, njoo hospitali. Uje na kitambulisho."

Nikamwuliza: "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa," akasema mume wangu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezama. "Hiyo ndiyo taabu yenyewe."

Nilimwacha mteja na nusu yake, nikaenda na kitana kichwani. Nilimkuta mume wangu ameketi benchi la wafiwa, na Makini amesimama mbele yake analia.

"Mama, nisamehe," Makini akaniambia. "Mimi nimefuata kanuni."

"Hana kosa," mume wangu akasema. "Amefanya kama nilivyomfundisha. Tena ameandika vizuri."

"Sasa si mfungue mlango mumtoe?" nikasema. Kutoka mlango wa chuma mpaka ile meza ni hatua nne. Nilizihesabu kwa macho.

Wote wawili walinitazama kama nimetukana. Mume wangu akanieleza polepole, kwa ile sauti anayotumia na wafiwa. Nambari kumi na moja ameingia kitabuni. Kitabu hakifutwi. Ili atoke anataka jamaa, daktari na saini ya mkuu, na mkuu hawezi kumtoa jamaa yake mwenyewe, kwa hiyo jamaa lazima niwe mimi na saini lazima iwe ya Makini kwa niaba. Bi Mdogo aliingizwa saa nne. Kwa nyuzi nne hafiki jioni, tumba litageuka jeusi. Tulikuwa saa sita kasoro.

"Wewe ndiye uliyeziandika hizo kanuni!" nikamwambia.

"Ndiyo maana," akasema.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, nilitaka kumwambia, lakini nikaumeza ule msemo. Nikampa Makini kitambulisho.

Makini alileta trei, akafungua boksi mbele ya mashahidi wawili, yaani yeye na mume wangu. Akanishikisha kile kioo cha fundi saa. "Mama, unamtambua?"

Nilikibana jichoni. Tumba lilikuwepo, la kijani, limelowa. "Namtambua."

"Kwa alama gani?"

Hapo nilikwama. Alama ninayo moja tu, na nilikuwa nimeificha miaka minne. "Jani la tatu kushoto lina kovu," nikasema. "Nilimkata mimi. Nilikuwa nafuta vumbi na kitambaa kikanasa."

Mume wangu akainua uso. "Ulisema ni konokono."

"Nilisema huenda ni konokono."

"Nilitafuta konokono miezi miwili! Nililala sakafuni na tochi!"

"Nilikuona," nikasema. "Nilikuonea huruma."

Makini akaandika: kovu, jani la tatu kushoto. Kisha akauliza uhusiano. Kwa hasira na aibu, nikajibu lililokuja mdomoni: "Mke mwenza." Akaandika hivyo hivyo, kwa wino, akamrudisha ndani kwenye trei yake kumsubiri daktari.

Daktari wa zamu alikuja saa saba na nusu, Makini akaitoa trei tena. Alikuwa kijana, macho mekundu ya zamu mbili mfululizo, na alikuwa ameshachomoa kalamu asaini tu aondoke. Akatazama ndani ya boksi. Akatazama karatasi. Akatutazama sisi watatu tuliosimama kwa heshima.

"Hiki ni kitu gani?"

"Nambari kumi na moja, daktari," akasema Makini.

"Hili ni jani!"

"Ni okidi," mume wangu akamsahihisha kwa upole. "Tunaomba karatasi ya kutolea."

Daktari yule nampa sifa zake, hakutufukuza. Nadhani usingizi ulimsaidia. Alikaa benchini, akasoma fomu yote, akakuna kichwa. "Fomu inataka saa ya kufariki na sababu ya kifo. Huyu hajafa. Mimi siwezi kusaini kifo cha mtu aliye hai, watanipokonya leseni."

Kisha mume wangu, bila mtu kumlazimisha, akageuka akatazama ukutani. Nami nikatazama. Kanuni ya tisa, ambayo wafanyakazi wameicheka miaka ishirini kwa sababu haijawahi kutumika: *Akibainika kuwa yu hai, apelekwe wodini mara moja.*

"Baba watoto," nikasema, "usithubutu."

Alithubutu. Machela ikaja. Bi Mdogo akafunikwa shuka mpaka shingoni, kama ana shingo, akasukumwa uwanjani juani na koridoni, mimi namfuata nimeshika mkoba kama jamaa yeyote, na watu kwenye foleni wanatupisha na kunipa pole. Mama mmoja alinishika mkono akaniambia nijikaze. Nilijikaza. Wodini muuguzi alimpa kitanda cha pembeni, akamwekea kadi kichwani pa kitanda. Alikuwa mwanamke mwenye kazi nyingi. Aliandika joto la mwili, nyuzi tisa, akasema mgonjwa yuko chini sana, apewe blanketi.

"Asipewe blanketi!" mume wangu akapiga kelele, wagonjwa wakaamka.

Wodini palikuwa na nyuzi thelathini na moja. Kutoka barafu mpaka tanuru, ndani ya robo saa. Mume wangu akamnunulia mgonjwa wetu barafu, akampepea kwa kadi yake mwenyewe ya hospitali. Jani moja likalegea, kisha la pili. Tumba bado. Tukaomba aruhusiwe. Muuguzi akasema wagonjwa huruhusiwa asubuhi, baada ya raundi ya daktari mkuu. Aliyelazwa leo ataondoka kesho.

"Kesho hatakuwepo," akasema mume wangu.

"Basi akifa tutawaita nyinyi," akasema muuguzi, na hakuwa na nia mbaya. Ndivyo inavyokuwa.

Daktari wa zamu alitupitia saa tisa. Akatuvuta pembeni, mimi na mume wangu, akasema kwa sauti ya chini: "Mzee, sikiliza. Nimefikiri. Mimi naandika amefariki hapa wodini saa tisa na dakika tano. Anarudi kwako kihalali. Mama anasaini, Makini anasaini, mnamweka kwenye meza yenu. Dakika kumi. Nani atafukua kaburi la ua?"

Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Nikamtazama mume wangu, nikaona anavyolitazama lile tumba. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola. Miaka sita ya maji ya mvua. Sijawahi kumwona mtu anataka kitu vile.

"Hapana," akasema. "Kitabu kile hakijaandikwa uongo tangu siku ile."

"Baba watoto, ni ua!"

"Najua ni nini. Nikiandika uongo mdogo leo, yule mama atakayekuja kesho kumtambua mwanawe atasoma kitabu gani?"

Nilimchukia dakika ile. Nikasema kwa hasira, "Basi mwache afe, na kitabu chako kiwe safi."

Alikaa kitandani kwa Bi Mdogo, akambadilishia barafu. Kisha akasimama, akalikumbatia boksi, akatoka nalo. Muuguzi akamwita, hakugeuka. Tulivuka uwanja mimi na daktari nyuma yake, karibu kukimbia. Akaingia mochwari kwa mlango wa mbele, akaweka boksi kwenye meza ya vigae, akafungua mfuniko, baridi ya kumi na tano ikamwingia Bi Mdogo. Kisha akafungua kitabu. Nilisoma juu ya bega lake. Aliandika kwa mwandiko wake wa kulala: *Nambari kumi na moja ametolewa na mimi bila karatasi ya daktari wala ruhusa ya wodi. Yu hai. Kosa ni langu.* Akatia saini, ile saini ndefu yenye mkia, na chini yake tarehe na saa.

Akachukua simu akampigia mkubwa wa hospitali na kujishtaki. Mkubwa, kwa nilivyosikia, alicheka kwanza. Halafu akaacha kucheka, akaanza kumbembeleza: mzee, yaache, ni jambo la kipuuzi, nani atajua. Mume wangu akamsomea kanuni ya kumi na tano neno kwa neno, siku saba, asikanyage jengo, akauliza kama barua ataichukua leo au kesho. Mkubwa alisema hana barua ya namna hiyo. Mume wangu akamwambia asijali, atamwandikia rasimu. Sheria ni msumeno, na huyu wangu alijikalisha mwenyewe chini ya meno yake na kuomba wavute.

Ijumaa asubuhi alitolewa, au alijitoa, sijui nisemeje. Makini akabaki na ufunguo. Mimi nikaruhusiwa kukaa chumba cha mbele saa za kutembelea, kwa sababu kitabuni nipo: jamaa, mke mwenza. Wateja wangu niliwaahirisha. Yule wa kichwa nusu alikuja kukaa nami benchini, nikammalizia pale pale, hakuwa na la kufanya.

Jumamosi saa nne na robo nilibana kioo jichoni na tumba halikuwa tumba tena.

Nilikimbilia kidirisha cha nyuma, kile cha vioo vya kulaza vilivyopakwa rangi nyeupe. Mume wangu alikuwa nje tangu alfajiri, kwenye ukuta, karibu na jenereta, mahali ambapo si ndani ya jengo. "Amefungua!" nikamwambia kwenye upenyo.

Nilisikia anasogea karibu.

"Njoo ndani," nikasema. "Makini amekubali. Dakika moja tu. Hakuna atakayeona."

"Mimi nitaona," akasema.

"Basi namleta dirishani."

"Usimlete! Jua litamwunguza. Mwache alipo." Kisha, kwa sauti ambayo kwa miaka yote ya ndoa sikuwa nimeisikia: "Niambie wewe. Yukoje?"

Mimi ni msusi. Maneno ya maua sina. Nilirudi mezani nikatazama, nikaja dirishani nikasema, nikarudi nikatazama tena. Nikamwambia ni mdogo kuliko punje ya ufuta, rangi ya kiini cha yai bichi la kienyeji, kile cha njano nzito. Nikamwambia ana masikio matatu na kila sikio lina mkia, na mkia wa chini umejikunja kidogo kushoto. Nikamwambia katikati ana ulimi mwekundu uliokaa kwa kiungo chembamba, na nikipumua karibu unatikisika, unapanda na kushuka, kama mtu anayeonja.

"Ulimi unatikisika?"

"Unatikisika, baba watoto. Na pembeni kote ana nywele. Nyeupe. Zimepangwa moja moja, zote urefu mmoja, hakuna iliyoruka. Miaka thelathini nasuka na sijapanga nywele namna hiyo."

Nikasikia anapenga kamasi. Niliona haya, tena haya kubwa, kwamba macho haya yaliyolikasirikia lile friji miaka minane ndiyo yaliyopewa, na ya mume wangu yako nje, yanatazama ukuta. Ningeweza kumpa ningempa. Umeme nyumbani ulirudi Jumanne. Ua lilidondoka Jumatatu alasiri, na siku zake saba zilikuwa bado nne. Lakini hayo ni ya baadaye. Jumamosi ile alikuwa bado amesimama pale ukutani, na mimi nina saa mbili za kutembelea.

"Rudia," akasema. "Anza juu. Usiruke kitu."

Nilimrudia mara nne, na mara ya nne nilikuwa nalia, na sikuruka kitu.